Kinga ya Bunge na Sikio la Siri

Tarehe 4 Januari 1642 Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza, akiwa amewaacha mlangoni askari wake wenye silaha, aliingia kwa miguu yake katika Bunge la Makabwela kuwakamata wabunge watano aliowatuhumu uhaini, akakiomba kiti cha Spika, akaangaza huku na huku, na hata mmoja hakumwona, kwani habari ilikuwa imemtangulia nao wamekwisha kutoroka kwa mashua katika mto Thames. Alipomwuliza Spika William Lenthall waliko, huyo alipiga magoti kwa taadhima, akajibu kuwa mahali pale hana jicho la kuonea wala ulimi wa kunenea ila kwa amri ya Bunge alitumikialo. Mfalme akatoka mikono mitupu.

Katika misukosuko ya namna hii ndimo ilimokomaa kinga ya Bunge, hata Sheria ya Haki ya 1689 ikatamka kuwa yanenwayo Bungeni hayahojiwi katika mahakama yoyote. Nayo ikaenea pamoja na dola ya Waingereza, ikaingia katika katiba ya Marekani, na leo imo katika ibara ya 100 ya katiba ya Tanzania na ya 117 ya Kenya. Walakini adui aliyewashughulisha wazee wale alikuwa mtu aingiaye mlangoni, ambaye aweza kuonwa, kuulizwa na kukataliwa.

Zama za simu zilileta adui asiyebisha hodi. Mnamo Novemba 1966 Waziri Mkuu wa Uingereza Harold Wilson aliahidi kuwa simu za wabunge hazitasikilizwa kwa siri, ila akabakiza kuwa sera hiyo ikigeuzwa atalijulisha Bunge pale usalama wa taifa utakaporuhusu. Ahadi dhaifu, maana aahidiye ndiye mwenye sikio, na mwaka 2015 baraza la hukumu la mambo ya upelelezi likasema kuwa haina nguvu ya sheria.

Ama kesi inayofundisha zaidi ni ya William Jefferson, mbunge wa Marekani kutoka jimbo la Louisiana. Mwezi Julai 2005, penye hoteli moja ya Arlington, wapelelezi wa FBI walimpiga picha kwa siri akipokea mkoba wenye dola 100,000 kutoka kwa mtu aliyevaa kinasa sauti chini ya nguo. Siku chache baadaye wakakuta dola 90,000 nyumbani kwake, ndani ya jokofu, zimeviringishwa katika karatasi ya alumini na kutiwa katika maboksi ya vyakula. Hapo sioni kinga ya kudaiwa, kwa kuwa kupokea mkoba si kutunga sheria. Lakini Mei 2006 walipoipekua ofisi yake Bungeni usiku kucha, Spika, ingawa alikuwa wa chama pinzani kwa Jefferson, alilalamika vikali, na mwaka uliofuata mahakama ya rufani ikahukumu kuwa katiba ilivunjwa, si kwa kuwa ofisi ya mbunge ni haramu kuguswa, bali kwa kuwa wapelelezi walizisoma karatasi za kazi ya Bunge kabla mwenyewe hajapewa nafasi ya kuzitenga. Jefferson alitiwa hatiani mwaka 2009, ijapokuwa baadhi ya makosa yalifutwa baadaye.

Nafasi hiyo ya kutenga ndiyo kiini cha jambo lote, na ndiyo ipoteayo mpelelezi wa rushwa anaponasa mazungumzo kwa siri. Australia, polisi walipopekua ofisi ya Seneta Stephen Conroy mwaka 2016, karatasi zilitiwa lakiri zikakabidhiwa kwa Katibu wa Seneti, hata Seneti yenyewe ikaamua kuwa zina kinga. Mwaka 2018 kamati ya Seneti hiyo ikaonya kuwa utaratibu huo mzuri hausaidii kitu mbunge asipojua kuwa anasikilizwa. Kwa rai yangu, na lakiri itiwe hata juu ya kanda, kisha kanda hiyo isikilizwe kwanza na mtu aliyeteuliwa na Bunge, asiye mpelelezi wala rafiki wa mtuhumiwa, kwa maana kinga hii ni mali ya Bunge, na mbunge mlarushwa hana fungu ndani yake.