Gari la Mfalme Milinda

Katekista anapofundisha Utatu Mtakatifu hulitumia neno "nafsi" pasipo kusita. Lakini nafsi ni nini? Swali hilo liliwasumbua hata watu ambao hawakupata kuisikia Injili.

Katika karne ya 2 kabla ya Kristo, kaskazini-magharibi ya Bara Hindi alitawala mfalme Mgiriki, Menander, ambaye Wabudha humwita Milinda. Kitabu chao cha kale chasimulia mazungumzo yake na mtawa Nagasena. Mtawa alisema kwamba jina lake ni jina tu, wala nyuma yake haipatikani nafsi yoyote. Mfalme akashangaa: je, Nagasena ni nywele? Ni meno? Ni damu? La. Ndipo mtawa naye akamwuliza juu ya gari lililomleta: ni gurudumu, au ni nira? Hapa Buseresere tungeutaja mkokoteni wa ng'ombe. Ondoa magurudumu, ondoa ubao na nira, uweke kila kimoja mahali pake. Mkokoteni uko wapi?

Si Wabudha wote walioridhika. Madhehebu yao moja, Wapudgalavada, yalishikilia kwamba mtu yupo, wala si sawa na sehemu zake, wala hatengani nazo, kama moto na kuni. Mwanachuoni Vasubandhu, katika karne ya 4 au ya 5, aliwapinga: kwake mfuatano ulitosha, kama mbegu inavyofikia tunda. Sisi tuliofundishwa fasili ya Boethius twaona wale wa moto na kuni walikaribia zaidi. Maana ni nani atakayesamehewa leo, ikiwa aliyekosa jana hayupo?

Hata hivyo pande zote mbili zilikubali kwamba hakuna kiungo ambacho ndicho mtu. Kwetu jambo hili si la vitabuni. Mwaka 2007 na 2008, katika Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino waliuawa, na viungo vyao vikauzwa kwa waliotafuta bahati ya dhahabu na ya samaki. Aliyeagiza hakutaka mtu. Alitaka mkono, kana kwamba mkono una uwezo wake peke yake. Februari 2015, hapa wilayani Chato, mtoto wa umri wa mwaka mmoja hivi alinyakuliwa nyumbani kwao, akakutwa amekufa, mikono na miguu imekatwa. Mama yake, aliyejaribu kumwokoa, alijeruhiwa kwa panga.