Mwigizaji Huondoka, Mhusika Hubaki: Historia Fupi ya Doctor Who
Tarehe 23 Novemba 1963, BBC ya Uingereza ilianza kuonyesha Doctor Who, mfululizo wa bunilizi ya kisayansi unaohusu msafiri wa nyakati aitwaye Daktari. William Hartnell ndiye aliyemwigiza. Ilipofika mwaka 1966, afya ya Hartnell ilikuwa imedhoofika, nao watayarishaji wakakabiliwa na swali zito: je, hadithi ife pamoja na nguvu za mwigizaji wake?

Jibu lao lilitokana na asili ya mhusika mwenyewe. Kwa kuwa Daktari hakuwa binadamu, mwili wake uliweza kugeuka. Tarehe 29 Oktoba 1966 watazamaji walimwona mzee akianguka, na sura ya Patrick Troughton ikachukua nafasi yake. Troughton hakumwiga mtangulizi wake. Alileta mwenendo mpya kabisa.

Yafaa tutambue kwamba kanuni ilifuata tendo. Istilahi yenye maana ya kuzaliwa upya ilitumika kwanza mwaka 1974, Jon Pertwee alipomwachia Tom Baker nafasi. Mwaka 1976 hadithi iliweka kikomo cha migeuko 12. Kikomo kilipofikiwa mwaka 2013, Daktari akapewa duru nyingine ya maisha. Mwaka 2017 Jodie Whittaker akawa mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo kuu.

Hivyo dharura iligeuka desturi, desturi ikawa sheria, na sheria ikalegezwa ili hadithi isife. Udumifu wa Daktari haukukaa katika uso wake, bali katika ridhaa ya watazamaji waliokubali kumwita mgeni kwa jina lile lile.