Gesti za Marsabit: Mambo ya kuuliza kabla ya kushuka jangwani Chalbi

Anayefika Marsabit kwa mara ya kwanza akitarajia joto la jangwa hushangaa anaposhuka kwenye basi. Asubuhi kuna ukungu, upepo ni wa baridi, na watu wamevaa makoti. Mji huu wa kaskazini mwa Kenya, takriban kilomita 550 kutoka Nairobi, umekaa kwenye mlima wa volkano uliofunikwa na msitu. Jangwa liko chini, pande zote. Wanaotaka kuona Chalbi au Ziwa Turkana mara nyingi hulala hapa kwanza, na kwa sababu hiyo nyumba za wageni za mji huu zina kazi kubwa kuliko kumpa mtu kitanda. Huko ndiko mgeni anakojua barabara ikoje, gari litapatikana wapi na kama safari yenyewe inafaa kufanywa wiki hii.

Kabla ya barabara ya Isiolo hadi Moyale kuwekwa lami yote katika miaka ya 2010, wengi walisafiri juu ya malori ya mifugo. Sasa mabasi hupita kila siku. Mengine husafiri usiku na kukushusha kabla ya alfajiri, kwa hiyo unapopiga simu kuweka nafasi, uliza kama yupo mtu wa kukufungulia lango saa tisa usiku. Ukifika utaombwa kitambulisho au pasipoti, na jina lako litaandikwa kwenye daftari la wageni. Gesti nyingi ni za kawaida tu: vyumba vimezunguka ua, kuna kitanda, chandarua na blanketi nzito. Usilidharau blanketi hilo. Wenyeji wengi ni Waislamu, na baadhi ya gesti haziruhusu pombe. Ni heri kuuliza mapema kuliko kukemewa mlangoni.

Maji kwanza, bafu baadaye

Ubora wa gesti ya Marsabit haupimwi kwa televisheni wala intaneti. Unapimwa kwa tangi la maji. Mji hutegemea chemchemi ya Bakuli iliyo msituni, visima na maji ya mvua, na hayo yote hayatoshi. Bwawa la Badasa, lililoanza kujengwa mwaka 2009 ili kuondoa shida hiyo, lilikwama kwa miaka mingi. Kiangazi kikikaza, maji huletwa kwa boza na kuuzwa kwa mtungi wa lita 20, na mwenye gesti hununua kama jirani yake yeyote.

Kwa hiyo hata chumba chenye bafu ndani kinaweza kukupa ndoo moja na kikombe cha kujimwagia. Ndoo hiyo inatosha. Kati ya 2020 na 2023 mvua zilikosekana kwa misimu mitano mfululizo, na familia nyingi za wafugaji katika kaunti hii zilipoteza sehemu kubwa ya mifugo yao. Mgeni anayegombana na mhudumu kwa sababu bomba la mvua halitoi maji katika kipindi kama hicho anakuwa hajatazama nje ya lango.

Anayetaka kuelewa thamani ya maji hapa aende Ulanula, kwenye visima vilivyo chini ya mlima. Wafugaji husimama ngazi kwa ngazi ndani ya kisima na kupokezana ndoo kutoka chini hadi juu, huku wakiimba ili mikono iende pamoja. Ng'ombe husubiri zamu. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha; hao wako kazini.

Gari, na mtu anayejua njia

Chalbi ni kitanda cha ziwa la kale lililokauka, tambarare nyeupe ya chumvi na udongo. Wakati wa ukavu, gari hukimbia juu yake kama kwenye uwanja wa ndege. Hatari yake ni kwamba mvua huweza kunyesha mbali, maji yakateremka hadi kwenye tambarare, kisha jua likakausha juu tu. Dereva mgeni huona ardhi ngumu. Chini yake kuna tope linalomeza magurudumu hadi ekseli. Msaada unaweza kuchukua siku nzima kufika, na maeneo mengi hayana mtandao wa simu.

Mwenye gesti mzuri atakutafutia dereva aliyetoka huko siku chache zilizopita, si binamu yake tu mwenye gari. Muulize dereva huyo alipita wapi mara ya mwisho. Kodi gari la magurudumu manne yenye nguvu, na ikiwezekana magari yaende mawili. Jaza mafuta Marsabit, beba angalau lita tano za maji ya kunywa kwa kila mtu kwa siku na akiba juu yake. Halafu fanya jambo ambalo wengi hulisahau: mwachie mwenye gesti jina la dereva, njia mtakayopita na siku ya kurudi. Msiporudi, yeye ndiye atakayepiga simu.

Usalama nao huulizwa hapo hapo. Wizi wa mifugo na mapigano ya kijamii yameisumbua kaunti hii kwa miaka, na Mei 2022 serikali iliweka marufuku ya kutotoka nje usiku. Hali hubadilika. Mwezi mmoja njia ni salama, mwingine unaambiwa uzunguke au usiende. Ukiambiwa hivyo na mwenye gesti, jua kwamba anapoteza pesa ya usiku wako wa pili kwa kukuambia. Thibitisha pia na polisi.

Chini ya mlima

Njia ya kaskazini-magharibi hupita Maikona na Kalacha, ambako chemchemi na minyoofu ya mikoma hutokea ghafla pembeni ya Chalbi, kisha North Horr na hatimaye Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana, zaidi ya kilomita 200 kutoka Marsabit. Usipange kwenda na kurudi kwa siku moja. Loiyangalani ina gesti zake na jumba la makumbusho la jangwa, na vijiji vya Waelmolo, wavuvi wa ziwa hili, viko karibu. Mamba ni wengi, na upepo ni mkali kiasi kwamba mitambo 365 ya umeme imejengwa kusini mwa mji huo. Wakati wa tamasha la utamaduni la Turkana vyumba hujaa. Weka nafasi mapema au beba hema.

Asiye na fedha za gari la jangwani bado ana la kuona bila kuhama gesti. Mbuga ya Marsabit inaanzia pembeni mwa mji. Ndani yake kuna Ziwa Paradise, lililo kwenye shimo la volkano, na huko ndiko alikoishi Ahmed, tembo wa pembe ndefu aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta hadi alipokufa mwaka 1974. Nenda asubuhi ukungu ukishapanda.