Saa ya Nje Ikidanganya, ya Ndani Ifanyeje?

Haya wasomaji, leo siasa nimeziweka pembeni. Tuzungumze saa.

Tarehe 26 Januari 2016, jeshi la anga la Marekani liliistaafisha setilaiti ya GPS iitwayo SVN 23, iliyorushwa mwaka 1990. Kazi ya kawaida kabisa. Lakini programu ya mitambo ya ardhini ikapeleka takwimu mbovu kwenye setilaiti nyingine, nazo kwa saa kadhaa zikatangaza saa ya dunia ikiwa na kosa la maikrosekunde 13.7. Maikrosekunde ni sekunde moja ukiikata vipande milioni. Utasema, hilo nalo ni tatizo? Kwa anayengoja daladala, hapana. Kwa mitambo ya mawasiliano ni balaa: katika muda huo mwanga husafiri kilomita 4 hivi. Uingereza, redio ya kidijitali ya BBC ilivurugika.

Mitambo hiyo huwa na saa mbili. Ya nje ni mapigo yanayotoka kwenye setilaiti. Ya ndani ni fuwele ya kwatzi, au chombo cha rubidi kwa wenye fedha zaidi. Siku za amani, ya ndani humsikiliza mkubwa wake wa nje na kujirekebisha, huku ikijifunza inakimbia au inachelewa kwa kiasi gani. Ya nje ikikatika, ya ndani huendelea na marekebisho yale yale ya mwisho. Ya nje ikirudi, hairukiwi ghafla; ya ndani huongeza au kupunguza mwendo kidogo kidogo mpaka zilingane. Ukiruka, unakata pigo katikati, na mtambo unachanganyikiwa.

Nilipofuatilia historia nikakuta mabaharia walishayajua haya. Tangu 1833, huko Greenwich mpira huangushwa juu ya mnara saa saba mchana, na meli zilizokuwa mtoni Thames zilihakiki saa zao hapo. Ndiyo saa ya nje. Wakishatweka, hakuna mpira. Baharini hawakuchezea mishale. Waliandika daftarini saa inapotea kiasi gani kwa siku, kisha wakapiga hesabu. Meli ya Beagle ilipoondoka Uingereza Desemba 1831 ilibeba saa 22, ili moja ikipotoka nyingine ziisute.

Hapo ndipo funzo la 2016 lilipo. Saa ya nje haikunyamaza siku ile. Ilizungumza kwa sauti ile ile ya kuaminika, ikasema uongo. Kumtambua aliyenyamaza ni rahisi. Kumtambua mkubwa anayekosea kunataka uwe na saa yako, uijue tabia yake, na uwe na mashahidi wengine wa kuwauliza.

Simu zetu, benki zetu na umeme wetu vinazidi kuegemea saa za watu wengine angani. Swali langu: sisi tunabeba saa ngapi melini? Nipeni maoni yenu.