Roam (kampuni)

Roam (hadi mwaka 2022: Opibus) ni kampuni ya teknolojia ya usafiri wa umeme yenye makao yake jijini Nairobi, Kenya. Inasanifu na kuunda pikipiki na mabasi ya umeme pamoja na sehemu zinazoyaendesha, yaani betri, mota na vifaa vya kudhibiti umeme. Kampuni ilianza kwa kutoa injini za dizeli na petroli katika magari yaliyokwisha kutumika na kuweka mfumo wa umeme mahali pake.

Historia

Opibus ilianzishwa mwaka 2017 na Wasweden watatu, Filip Gardler, Filip Lövström na Mikael Gånge. Ilitokana na mradi wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping nchini Uswidi. Waanzilishi walichagua Kenya kwa sababu sehemu kubwa ya umeme wake haitokani na mafuta, bali na jotoardhi ya Olkaria, mabwawa ya Mto Tana na upepo wa eneo la Turkana.

Kazi ya kwanza ilikuwa kubadilisha magari ya safari, hasa Toyota Land Cruiser. Magari hayo hutumika katika hifadhi za wanyama, ambako kelele na moshi wa dizeli ni kero kwa watalii na kwa wanyama. Miongoni mwa waliotumia magari hayo ni kambi ya Emboo iliyopo Maasai Mara, ambayo huyachaji kwa nguvu ya jua.

Mwaka 2021 kampuni ilipata mtaji wa dola za Marekani milioni 7.5. Januari 2022 ilionyesha basi lake la kwanza la umeme, na katika mwaka huohuo ilibadilisha jina kuwa Roam. Februari 2024 ilitangaza kupata dola milioni 24 nyingine, sehemu zikiwa hisa na sehemu zikiwa mkopo.

Mfumo wa umeme wa gari

Katika gari la kawaida, nguvu hutoka kwenye injini, hupitia klachi na giaboksi, kisha hufika kwenye magurudumu. Gari lililobadilishwa hubaki na fremu, bodi, ekseli, usukani na springi zake. Injini, tangi la mafuta na ekzosi huondolewa. Vinavyowekwa badala yake ni hivi:

• Betri ya lithiamu, iliyoundwa kwa seli nyingi ndogo zilizounganishwa pamoja. Kifaa cha kielektroniki huchunguza volti na joto la seli na kukata umeme kukitokea hatari.
• Kigeuzi, ambacho hupokea umeme mkondo mnyoofu kutoka kwenye betri na kuugeuza kuwa mkondo geu unaohitajiwa na mota. Kasi ya gari hutawaliwa hapa.
• Mota ya umeme, inayozungusha magurudumu. Dereva anapopunguza mwendo, mota hufanya kazi kama jenereta na kurudisha sehemu ya nishati kwenye betri.
• Chaja, inayopokea umeme kutoka nje ya gari.

Mota ya umeme hugeuza takriban asilimia 90 ya nishati inayoipokea kuwa mwendo. Injini ya petroli kwa kawaida haifiki asilimia 40, kwa kuwa nishati nyingi hupotea kama joto. Hii ndiyo sababu gari la umeme husafiri mbali kwa nishati kidogo. Pia mfumo wake hauna oili ya injini, plagi wala filta ya mafuta, hivyo matengenezo hupungua.

Bidhaa

Pikipiki

Roam Air ni pikipiki iliyokusudiwa hasa kwa bodaboda. Betri yake ina uwezo wa kilowati-saa (kWh) 3.24, na huiwezesha kwenda zaidi ya kilomita 70. Betri hiyo hutolewa na kubebwa kwa mkono, hivyo mwendeshaji anaweza kuichaji nyumbani kwenye soketi ya kawaida. Pikipiki ina nafasi ya betri ya pili kwa safari ndefu.

Mabasi

Roam Rapid ni basi la mjini lenye betri ya kWh 384, linalobeba abiria 77 waliokaa na waliosimama. Linakadiriwa kwenda kilomita 360 kwa chaji moja, yaani hutumia zaidi kidogo ya kWh 1 kwa kilomita. Roam Move, lililotangazwa mwaka 2023, ni basi dogo zaidi lenye betri ya kWh 170 na mwendo wa takriban kilomita 200.

Kiwanda

Julai 2023 kampuni ilifungua kiwanda cha Roam Park jijini Nairobi. Kilijengwa kwa uwezo wa kuunda hadi pikipiki 50,000 kwa mwaka. Seli za betri huagizwa kutoka nje ya Afrika, kisha kazi ya kuziunganisha hufanyika Kenya.

Umuhimu na changamoto

Kwa mwendeshaji wa bodaboda, petroli ndiyo gharama kubwa ya kila siku, na bei yake hupanda soko la dunia linapotikisika. Umeme hutozwa bei nafuu kuliko petroli kwa umbali uleule. Mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya umeme kwa kuchaji vyombo vya usafiri, ambayo hushuka zaidi saa za usiku, wakati matumizi ya nchi ni madogo.

Hata hivyo betri ni sehemu ghali kuliko zote katika chombo cha umeme, na waendeshaji wengi hununua pikipiki kwa mkopo. Betri pia hupoteza uwezo wake kidogokidogo kadiri inavyochajiwa. Kwa hiyo faida ya mwendeshaji hutegemea muda ambao betri itadumu kulinganisha na muda wa kulipa deni. Umeme unaokatika na uhaba wa vituo vya kuchajia nje ya miji mikubwa ni vikwazo vingine. Katika miji iliyo mbali na gridi ya taifa, ambako umeme umekuwa ukitoka kwenye jenereta za dizeli, faida ya kimazingira hupungua.

Makampuni mengine Afrika ya Mashariki

Nchini Uganda, Kiira Motors ilitokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere uliotengeneza gari la Kiira EV mwaka 2011. Huunda mabasi ya Kayoola. Nchini Rwanda, Ampersand huendesha vituo ambako bodaboda hubadilisha betri iliyokwisha kwa iliyojaa, bila kuimiliki. BasiGo ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2021, huwakodisha wenye matatu mabasi ya umeme na kutoza kwa kilomita. Nchini Tanzania, magari ya safari yamekuwa yakibadilishwa kuwa ya umeme mjini Arusha.