Waya wa Mbezi na Honi za Uswahilini

Nianze kwa kukiri kosa. Jumamosi moja nilialikwa Mbezi Beach na rafiki yangu wa tangu chuo, mtu aliyefanikiwa kwa jasho lake na ambaye sasa fedha zake huzimalizia kwenye vyombo vya muziki. Alinikalisha kwenye kiti mahsusi, akanionya nisisogeze kichwa, kisha akanionyesha waya mpya wa spika ulioagizwa ng'ambo: mnene kama kidole gumba, umevishwa kitambaa cha kung'aa, nao haukulazwa sakafuni bali umepandishwa juu ya vigoda vidogo vya mbao ili, kama alivyonieleza kwa upole wa tabibu, mtetemo wa sakafu usiichafue sauti. Bei yake inazidi mshahara wangu wa miezi minne. Akaweka wimbo wa zamani wa Mlimani Park.

"Mwalimu, unasikia tarumbeta zinavyopumua?"

Nikajibu kwamba nasikia. Wala haikuwa adabu ya mgeni. Nilisikia kweli, na hilo ndilo kosa langu.

Nilipokwama kwenye foleni ya Mwenge akili ilianza kunirudia. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978, na nyimbo zake za enzi hizo zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, ambayo leo tunaiita Nyerere. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi iliingia studio nzima nzima, ikapiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, na kilichopigwa kikaingia kwenye kanda. Nyaya zilizobeba sauti ile zilikuwa nyaya za kazi, zilizoungwa na mafundi mitambo waliojua kubana matumizi. Kama tarumbeta zilikosa pumzi Barabara ya Pugu, ni waya gani wa Mbezi utakaozirudishia?

Fizikia yenyewe ni fupi. Mita 10 za waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, huu huu ambao mafundi wetu hufungia soketi, zina ukinzani usiofika hata sehemu moja ya kumi ya omu. Spika ya omu 8 haina habari nao. Huko Marekani wapenzi wa muziki waliunga spika zao kwa waya wa taa ya mezani kwa miaka mingi bila kulalamika, hadi Noel Lee alipoanzisha kampuni ya Monster Cable mwaka 1979 na kuwafundisha kwamba walikuwa wakikosa kitu. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe aliyezeekea katika kufichua ulaghai, aliahidi dola milioni moja kwa atakayeweza, bila kuona, kuutofautisha waya wa Pear Anjou wa dola 7,250 na waya mzuri wa kawaida. Jaribio halikufanyika. Dola zilibaki kwa mwenyewe.

Lakini kumcheka rafiki yangu ni kazi rahisi mno, na mimi nilikwishasikia nilichosikia. Kinachonishughulisha ni neno alilolirudia jioni ile yote: sauti safi. Katika jiji hili neno hilo lina historia.

Baba yangu mdogo, aliyeishi Temeke, alikuwa na redio moja na spika ya ziada aliyoitumbukiza kwenye mtungi ili besi ijae. Waya wake ulikuwa wa vipande vitatu vya rangi tofauti, umefungwa kwa plasta ya vidonda. Miaka ile fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mtu alisikiliza kwa alichojaliwa. Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na Mzee Mwinyi akaitwa Mzee Ruksa, mitaa ilianza kupata vitu vidogo vya umeme, vikiwemo vinanda vya Casio. Vijana wa uswahilini waliviunganisha na ngoma na spika za honi zilizokwishachoka, na miaka ya 1990 mchiriku ukatawala shughuli za usiku Kinondoni na Temeke. Honi ilikwaruza, na mkwaruzo ukawa sehemu ya muziki, kama chachandu kwenye mshikaki.

Sisi wasomi tuliuita uhuni. Hatukusema kwamba hatuupendi, tulisema kwamba ni kelele, yaani tuliugeuza upendeleo wetu kuwa kipimo cha sauti. Kisha mwaka 2012 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ikatoa albamu ya Jagwa Music, na mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa singeli ya studio ya Sisso, Mburahati. Ghafla kelele ikawa sanaa. Leo inawezekana kabisa kwamba kuna bwana mmoja Brussels anayeusikiliza mkwaruzo wa honi ya uswahilini kupitia waya wa maelfu ya dola, asije akapoteza hata chembe moja ya mkwaruzo.

Na kanda zile za Barabara ya Pugu? Kanda ya sumaku huzeeka kama sisi. Joto na unyevu wa pwani haviulizi aliyeimba ni nani. Bei ya waya mmoja wa Mbezi ingenunua vifaa vya kuhamishia saa nyingi za sauti kwenye kompyuta, na sauti ikipotea humo hakuna kigoda kitakachoirudisha.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Kariakoo, nikanunua mita 10 za waya wa soketi, nikampigia rafiki yangu. Nilipendekeza kijana wake abadilishe nyaya nyuma ya pazia, nasi tukae tuseme upi ni upi. Alinyamaza kidogo.

"Mwalimu," akasema, "kwa nini unataka kuniharibia Jumamosi yangu?"

Sikuwa na jibu. Waya ungali kwenye buti ya gari.