Tilt, lean, tip na list: tofauti yake ni nini?

Maneno haya manne ya Kiingereza yote yanaeleza kitu kisichosimama wima, lakini kila moja lina mahali pake. Tuyaangalie moja moja.

Tilt ni kuinama au kuinamisha kitu upande mmoja bila kukiangusha, kama unavyoinamisha kichwa. Ukiona "Do not tilt" kwenye boksi la friji, usililaze. Friji ikilazwa, oili ya kompresa huweza kuingia kwenye mabomba ya gesi, na ukiiwasha papo hapo inaweza kuharibika. Isimamishe kwanza kwa saa kadhaa.

Lean ni kuegemea. "Lean the ladder against the wall" maana yake egemeza ngazi ukutani. Lakini "lean forward" ni kuinama mbele tu, bila kuegemea chochote.

Tip huenda mbali zaidi: kitu kinainama hadi kuanguka au kumwaga kilichomo. "Tip over" ni kupinduka, "tip out" ni kumwaga. Ndiko lilikotoka jina la tipa, lori la kumwaga mchanga na kokoto.

List hutumika kwa vyombo vya majini. Meli "is listing" inapolala upande kwa sababu mzigo umehama au maji yameingia. Ukilisikia kwenye taarifa ya habari, elewa kwamba meli haijazama, lakini iko hatarini. Jahazi likilazwa na upepo tu, Waingereza husema heel.